Sikuiba Kile Kikaango

Kwa wale mliokwisha kuiona video: yule mwanamke wa dera la kijani aliyezungukwa na watu Kariakoo, mkoba begani na kikaango kinaning'inia ubavuni mwa mkoba, ni mimi. Na kwa wale mliosoma maelezo ya shoga yangu kwenye grupu la mchezo, kwamba "kaiba, kakimbia, kakamatwa", naomba mnisikilize na mimi. Ningekuwa nimeshatoka kwenye hilo grupu tangu jana usiku, ila zamu yangu ya kupokea ni mwisho wa mwezi huu, na aibu yangu haijafika kiwango cha kuacha hela.

Chanzo ni jiko. Mnajua nilivyowasumbua na picha za jiko langu jipya la indaksheni. Serikali imepanga ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, mimi nikaona nisingoje foleni. Jiko likaja, jeusi, linang'aa mpaka unaogopa kuligusa. Nikatoa sufuria zangu za kicheni pati, zile za alumini zinazoingiana, kuanzia ya uji wa mtoto hadi ya pilau la msiba. Nikabandika maji ya chai. Jiko likalia pii, pii, pii, likaandika E0, likazima. Nikabadilisha sufuria. Pii. Nikabandika chungu cha marehemu bibi. Pii. Nikampigia kaka aliyeniuzia, nikamwaga maneno yote niliyokuwa nayo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi, kisha akauliza kwa upole: "Dada, hizo sufuria sumaku inanasa?"

Ikabidi nielimike kwa nguvu. Kumbe lile jiko lenyewe haliwaki. Chini ya kioo kuna koili ya shaba. Umeme ukipita humo unazaa nguvu ya sumaku inayogeukageuka maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde, na nguvu hiyo ndiyo inayoamsha umeme ndani ya kitako cha sufuria mpaka sufuria yenyewe ipate moto. Kioo kinaambukizwa joto tu. Sasa ili ikubali, kitako kiwe bapa, na kiwe cha chuma kinachonasa sumaku. Alumini haimo. Shaba haimo. Udongo ndiyo usiseme. Kwa hiyo kicheni pati yangu yote, pamoja na vigelegele vyake, haimo.

Stenlesi nayo ina ujanja wake. Nyingine inanasa, nyingine inang'aa tu. Ile inayoandikwa 18/10 ina nikeli nyingi, na yenyewe kwa kawaida haishiki sumaku, ndiyo maana wanaoitengeneza vizuri wanaibandika chuma kingine kitakoni. Macho hayawezi kukwambia. Unatakiwa kwenda dukani na sumaku.

Sumaku niliyokuwa nayo ni ya friji, nanasi la plastiki ambalo hata karatasi ya LUKU linaidondosha. Nikakumbuka sabufa ya mdogo wangu, imezima siku nyingi, iko uvunguni inakula vumbi. Nyuma ya spika lake kuna sumaku ya duara, nene, nzito, ukiigusisha kwenye bomba la dirisha lazima ukae chini uvute kwa mikono miwili. Nikaing'oa kwa bisibisi na nyundo. Mwenyewe yuko Morogoro kikazi, na haya ni mambo ya kifamilia, msiniulize. Nikaitumbukiza kwenye mkoba wangu wa kitambaa. Funguo zote zikaruka zikaenda kuikumbatia. Hapo mtu mwenye akili angejifunza kitu.

Kariakoo sina haja ya kuwasimulia. Shoga yangu akabaki kwenye juisi ya miwa, mimi nikajitosa mitaa ya nyuma ya Kongo, kwenye vile vibanda ambavyo sufuria zimening'inizwa mpaka barabarani. Kaka mmoja akanidaka. "Anti, karibu, hii inakubali majiko yote, gesi, mkaa, umeme, mpaka hilo ulilonalo." Jiko langu hajaliona. Nikatoa sumaku, nikaiweka kitakoni, ikateleza ikadondoka. Akaiangalia kwa huruma. "Hiyo sumaku yako ina matatizo." Akaleta nyingine, chini ina ile alama ya indaksheni, waya uliojikunja. Ikanasa, lakini katikati tu; pembeni kote alumini tupu. Hiyo ugali utaungua katikati na pembeni utakula unga. Ya tatu ikanasa kitako kizima mpaka kikalia. Nikaijua kuwa ndiyo, ila sikuonyesha. Sura ya kununua haionyeshwi Kariakoo.

Pembeni palikuwa na vikaango vidogo vya chuma, vimetundikwa kwenye ndoano usawa wa kiuno changu. Kushikiliwa kwangu na hivyo vikaango ndiyo habari yenyewe.

Tukashindana bei. Sufuria na kikaango kimoja, akataka 65,000. Nikasema 40,000. Akacheka, akaniuliza kama nimekula. Nikarudisha sumaku mkobani, nikatamka lile neno letu la miaka yote, "ngoja nizunguke, nitarudi", nikageuka kwa heshima zangu zote. Nikasikia *ta!* ubavuni. Nikajua ni mpita njia kanigonga. Nikaendelea na safari.

Sasa naomba twende taratibu, maana hapa ndipo watu wanaponisingizia.

Natembea. Mkoba naona umekuwa mzito, nikasema joto. Kijana wa bodaboda akanitazama, akatabasamu. Nimesuka juzi, rasta zimetulia, nikamrudishia tabasamu. Wamama wawili wakanitazama, wakatazamana. Nikasema ni rasta hizohizo. Mtoto akaninyooshea kidole, mama yake akamvuta mkono. Nikanyoosha shingo. Jamani, niliringa. Nitaficha vingine vyote lakini hilo lipo kwenye video, naringa.

Nyuma nikasikia: "Anti! Anti wa kijani!"

Nani kati yenu asiyejua kanuni? Ukishaondoka, muuzaji akikuita, hugeuki. Ukigeuka tu bei imekufa. Unakaza mwendo ili aone una haraka na pesa zako unazipeleka kwa mwenzake. Nikakaza mwendo. "Anti! Anti simama!" Moyoni nasema huyo, keshalainika. Nikanyanyua mkono juu bila kugeuka, nikapaza sauti mtaa mzima usikie: "Arobaini! Zaidi ya hapo sirudi!"

Yaani kikaango cha watu kinanining'inia kiunoni, mimi naondoka nacho mbiombio, na bado napanga bei.

Ndipo likaja lile neno. "Mwizi!" Kariakoo neno hilo halitamkwi kwa mzaha, na mimi kama raia mwema nikageuka haraka kumtafuta huyo mwizi. Nilivyogeuka, kikaango kikageuka na mimi, kikambamiza baba mmoja kwenye kiwiko. Nikamwambia pole. Akashika kiwiko, akanionyesha kwa kidevu: "Mama, hicho kikaango."

Nikainamisha kichwa. Kipo. Kitako kimebandika kwenye kitambaa cha mkoba, mpini umetazama chini, karatasi ya bei inapepea.

Watu wakajaa. Nikasema, "Ni sumaku!" Nikasikia mwenyewe jinsi neno hilo lisivyosaidia. Nikakivuta kikaango, hakitoki. Yule kaka wa duka akafika anahema, naye akakivuta. Mkoba nimeuvaa begani kupitia shingoni, kwa hiyo anavyovuta kikaango anavuta mkoba, na mkoba unanivuta mimi. Tukazunguka hivyo, yeye anarudi nyuma, mimi namfuata kama mbuzi wa mnadani. Ndipo mama lishe mmoja, mwiko bado mkononi, akapiga ukelele: "Chuma ulete! Leo tumemwona kwa macho!"

Wenzangu mnaouza vitu mnajua maana yake, ule uchawi wa kuvuta hela za watu. Waliokuwa karibu wakarudi nyuma wakishika mifuko yao. Duara likawa kubwa, mimi katikati, kikaango na mimi. Na pembeni ya duara, glasi ya miwa mkono wa kushoto, simu mkono wa kulia, namwona shoga yangu. Nikamwita kwa jina. Akatazama nyuma yake kuona ninamwita nani.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja wa kanzu. "Binti, mwaga hicho kilichomo tukione." Nikamwaga. Ikatoka sumaku ya sabufa imekumbatiwa na funguo, pini za nywele, kijiko ambacho sijui kimetoka wapi, na kikaango kikaachia mkoba chenyewe kikadondoka. Mzee akaichukua, akaigusisha kwenye ringi ya mkokoteni uliokuwa karibu. Ikanasa. Akacheka mpaka kofia ikakaa upande. Watu wote wakataka kujaribu, sumaku ikapita mikononi, wakagusisha mizani, pikipiki, ndoo. Mama lishe naye akaijaribu kwenye sufuria yake, haikunasa, akaondoka anasema bado haniamini.

Nikalipa 65,000 bila kufungua mdomo. Yule kaka akasema mfuniko wa kioo ataniongeza bure nikimwachia hiyo sumaku, wateja wa hayo majiko wanamsumbua. Nikamwachia. Wakati ule angeomba na mkoba ningempa. Tukarudi na mwendokasi, mimi na shoga yangu hatusemeshani, yeye anaandika kwenye simu. Nikadhani anaandika pole.

Sufuria inakubali, kikaango kinakubali, mayai yanaiva kabla sijakata kitunguu. Huko hakuna malalamiko.

Tatizo ni kwamba asubuhi hii mdogo wangu amepiga simu kutoka Morogoro. Amepata fundi mzuri wa sabufa, anarudi Jumamosi nayo iende. Kwa hiyo kesho sina ujanja, narudi mtaa uleule kwa kaka yuleyule kuikomboa sumaku, na pale kila mtu ananijua hadi wauza maji. Nani ana ninja ya kuniazima? Isiwe fupi, mnajua urefu wangu, na shoga yangu asijibu hii.