"Ni wachache tu hao"

Kuna jibu moja linalonichosha. Kila ikitajwa kura ya mapema ya Zanzibar, ile inayopigwa siku moja kabla ya siku kuu, hakosekani wa kusema: "Ni wachache tu hao, askari na watendaji wa Tume ya Uchaguzi, hawawezi kubadilisha kitu." Lilisemwa 2020, likasemwa tena Oktoba 2025, na tusipoangalia litasemwa 2030. Anayelisema ama hajawahi kukaa na jedwali la matokeo ya visiwa hivi, ama amekaa nalo na hapendi tulisome pamoja.

Basi tulisome. Mwaka 1995, katika urais wa Zanzibar, Dk. Salmin Amour wa CCM alipata kura 165,271 na Maalim Seif Sharif Hamad wa CUF 163,706. Tofauti ni kura 1,565. Zigawe kwa majimbo 50, unapata kura 31 kwa kila jimbo. Mwaka 2010 Dk. Ali Mohamed Shein alipata 179,809, Maalim Seif 176,338. Tofauti 3,471, sawa na kura 69 kwa jimbo. Kuna madarasa ya skuli za msingi Unguja yenye watoto wengi kuliko hao. Na tukitoka kwenye urais, ambao ndio unaomeza mazungumzo yote, tukaja kwenye Baraza la Wawakilishi lenyewe, ndilo bunge la Zanzibar, viti vya majimbo vya 1995 vilikuwa 26 vya CCM kwa 24 vya CUF. Kiti kimoja kingehama, viti hivyo vya majimbo vingekuwa nusu kwa nusu.

Jimbo la Zanzibar ni dogo. Mwaka 2020 daftari lilikuwa na wapiga kura zaidi ya 560,000, kwa hiyo wastani wa jimbo ni watu 11,000 na ushei. Wakipiga kura ya mapema watu 200 katika jimbo kama hilo, hao ni karibu asilimia 2 ya daftari zima la jimbo. Mgombea uwakilishi aliyewahi kushindwa kwa kura 150 anajua asilimia 2 ni nini.

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba hoja ya msingi ina mantiki. Mtu aliyeandikishwa Mwanakwerekwe, Unguja, akapangiwa kusimamia kituo Micheweni, Pemba, hawezi kuwa pande mbili siku moja, na karatasi ya mwakilishi hutofautiana jimbo kwa jimbo, huwezi kumpa ya Micheweni. Haki yake ya kumchagua mwakilishi wake isipotee. Lakini Bara nako askari na wasimamizi hupangiwa mbali na kwao, na huko kura hupigwa siku moja tu. Iliyoleta siku hiyo ni sheria ya uchaguzi ya Zanzibar ya 2018, na ilipotumika kwa mara ya kwanza, tarehe 27 Oktoba 2020, Pemba ilikuwa imekwishaingia kwenye vurugu tangu usiku wa kuamkia. Siku iliyokusudiwa kuwarahisishia watu kazi iliwagawa kabla kituo cha kwanza hakijafunguliwa.

Kasoro zenyewe si za siri. Anayepiga kura siku ya kwanza jina lake lingali kwenye daftari la kituo chake cha kawaida. Asubuhi ya siku ya pili, msimamizi wa kituo kile asipokuwa na orodha ya waliokwishapiga, kinachobaki kumzuia ni wino wa kidoleni peke yake. Dawa yake ni kalamu nyekundu. Orodha ya kura ya mapema ibandikwe siku 7 kabla, kwa jimbo na kwa shehia (eneo dogo la utawala lenye sheha wake), ikiwa na jina, namba ya mpiga kura na kituo anachotoka. Kisha saa 1 kasorobo asubuhi ya siku kuu, mbele ya mawakala, kila jina la orodha hiyo lichorwe mstari kwenye daftari la kituo kabla mpiga kura wa kwanza hajaingia. Kwa kituo kimoja ni kazi ya dakika kumi.

Halafu kuna usiku. Sanduku lililopigiwa kura leo likasubiri kufunguliwa kesho limelala mahali fulani, na chama kidogo hakina watu wa kulilinda. Wakala huyohuyo ameamka alfajiri, amekaa kituoni hadi jioni, na kesho anatakiwa awepo tena saa 1. Lakiri peke yake haitoshi kama namba yake hakuna aliyeiandika. Namba za lakiri zote ziandikwe kwenye fomu jioni, mawakala watie saini na waondoke na nakala. Asubuhi zisomwe kwa sauti moja baada ya nyingine kabla ya kukatwa. Moja isipolingana, sanduku lile liwekwe kando na kuandikiwa taarifa, lisimwagwe mezani kwanza kisha watu waanze kubishana.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli, na sijaona ukijadiliwa inavyostahili. Watu husema kura za mapema zihesabiwe peke yake ili zionekane. Ukihesabu peke yake sanduku la askari 40 na matokeo ukayabandika mlangoni, umewavua siri ya kura yao. Kamanda wao atasoma karatasi ile na kujua wangapi hawakumpigia anayemtaka yeye. Ukizichanganya na sanduku la kituo cha kawaida kabla ya kuhesabu, siri inalindwa, lakini anayetaka kuongeza karatasi anapata kichaka cha kujificha. Njia ipo katikati: jioni ya siku ya kwanza, kabla watu hawajatawanyika, itangazwe idadi, si chaguo. Karatasi zilizopokelewa, zilizotolewa, zilizoharibika, zilizobaki, na watu waliotiwa alama kwenye orodha. Zilizotolewa, zikiwemo zilizoharibika, na zilizobaki zikijumlishwa zirudi kuwa zilizopokelewa. Idadi hiyo ikishajulikana na kila wakala akawa nayo mfukoni, kesho sanduku lichanganywe na la kituo kimoja kinachotajwa mapema, kwa sababu karatasi 40 haziwezi kuamka 140.

Yako mengine yanayostahili makala yake. Sheha anayemtambua nani mkaazi na nani si mkaazi ameteuliwa na mkuu wa mkoa. Tangazo la mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar la 28 Oktoba 2015 lilifuta kura za Zanzibar, huku kura za Muungano zilizopigwa na watu walewale katika skuli zilezile zikabaki halali. Hayo ni makubwa na yanahitaji maridhiano ya wakubwa. Hili la kura ya mapema halihitaji mwafaka wa mtu yeyote. Baraza la Wawakilishi lenyewe linaweza kulifanya katika kikao kimoja, kwa kuongeza maneno haya kwenye sheria: "Msimamizi wa kituo cha kura ya mapema atabandika mlangoni, siku hiyohiyo baada ya kufunga kituo, fomu inayoonesha idadi ya karatasi zilizopokelewa, zilizotolewa, zilizoharibika na zilizobaki pamoja na namba za lakiri, na atampa kila wakala nakala iliyotiwa saini."