SAT: Kumlipia Mtoto Tuisheni au Kuketi Naye?

Mtoto anapofika darasa la 11, familia nyingi za Kikenya na Kitanzania zilizohamia Marekani hujiuliza iwapo atafutiwe mwalimu wa kulipwa wa kumwandaa kwa SAT, mtihani unaotumika katika udahili wa vyuo vya Marekani, au asaidiwe nyumbani. Nawaacha kando wanaolenga University of California, isiyoutazama mtihani huu katika udahili; nawazungumzia wanaolenga vyuo kama MIT, kilichorudisha sharti la kuufanya mwaka 2022.

Wanaotetea mwalimu hawakosi hoja. Mzazi aliyefanya KCSE Kisumu au kidato cha sita Moshi hajawahi kuuona mtihani huu, na sote tunajua jinsi hisabati kati ya baba na binti inavyoweza kuishia kwa kununiana. Mwalimu wa nje hanuniwi, na saa yake ikishalipiwa huheshimiwa.

Hata hivyo, msimamo huo umejengwa juu ya imani kwamba alama hununuliwa. Mwaka 2017, College Board, ambao ndio wenye mtihani, walitangaza kwamba wanafunzi waliofanya mazoezi kwa saa 20 kwenye mfumo wa bure wa Khan Academy walipanda kwa wastani wa alama 115 kutoka PSAT, mtihani wa awali wa kujipima, hadi SAT. Namba hiyo imerudiwa mno, na mara nyingi bila mwenzake: ambao hawakuugusa mfumo huo nao walipanda alama 60. Zinabaki 55, na hata hizo si zote za mazoezi, kwa kuwa mtoto anayejituma saa 20 hafanani na asiyejituma. Kuhusu maandalizi ya kulipia, ripoti ya mtafiti Derek Briggs ya mwaka 2009 ilikadiria faida ya alama 30 hivi kwa hisabati na usomaji pamoja. Vipimo hivi viwili havilingani kwa njia, lakini alama 30 kati ya 1600 ni maswali machache tu, na kuna wazazi wanaokopa kwa ajili yake.

Maswali machache ya namna hiyo mara nyingi hupatikana mezani nyumbani. Mtihani wa sasa wa kompyuta una maswali 98 kwa saa 2 na dakika 14. Kila sehemu imegawanywa mara mbili, na ugumu wa nusu ya pili hutegemea mtoto alivyofanya ya kwanza, hivyo uzembe wa mwanzo humfungia alama za juu. Jumamosi moja niliketi na kijana aliyekuwa amemaliza jaribio zima la bure kwenye Bluebook, programu ya College Board ya kufanyia mtihani huu. Alikosa maswali sita ya hisabati. Mawili hakuyajua kabisa. Katika manne alikuwa ameipata x sawasawa, ilhali swali liliuliza 3x − 1. Hapo hapakuhitajika kanuni yoyote, ila mtu wa kuweka kidole kwenye mstari wa mwisho na kuuliza, “Wametaka nini hapa?” Sisi tuliokulia kwenye kurudia mitihani ya miaka iliyopita, kusahihisha na kurudia tena, tunaijua kazi hiyo vizuri kuliko tunavyojidhania.

Maswali yale mawili ni jambo jingine. Kijana yule alikuwa amepitwa na mada moja nzima ya aljebra, na hapo ningemshauri baba yake alipe bila kusita, ila amlipe mwalimu wa aljebra.