"Ni kibarua tu"

Nimesoma habari ya kijana aliyebanwa mguu kati ya tishari, lile jahazi bapa la mizigo, na gati hapa Kigoma, halafu mwenye mzigo anajibu eti "hakuwa mwajiriwa wetu, ni kibarua tu." Hiyo "tu" imenichoma. Nimebeba saruji miaka minne, mizigo ya kwenda Bujumbura na Kalemie. Mfuko ni kilo 50, unauweka begani na kupita juu ya ubao mmoja uliolowa, miguuni una ndala. Upepo wa ziwa ukivuma, tishari linajitenga na gati taratibu, kisha linarudi kwa kishindo. Matairi yaliyofungwa pembeni kupunguza kishindo yakiwa yamechakaa, chuma kinagonga ukuta. Ukiteleza wakati huo, umekwisha.

Mwenzetu mmoja alikatika kidole akishika kamba ya winchi. Nauli ya hospitali tulichangishana wenyewe. Msimamizi alisema anakuja. Hakuja.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ipo tangu 2008, na mchango wa mfuko wa fidia hiyo anatoa mwajiri peke yake, mfanyakazi hakatwi hata senti. Sasa anayetupanga foleni alfajiri, anayehesabu mifuko, anayetulipa jioni, huyo si mwajiri ni nani?

Ndugu wa huyo kijana, pole sana. Tunzeni karatasi zote za hospitali, andikeni majina ya waliokuwa zamu naye, na mwulizeni leo hii, kabla hajasahau, nani alimwita kazini asubuhi ile.