Vibanzi vya Panga ya Saidi Navyo ni Historia ya Pwani

Tangu mwaka 2021, ilipotangazwa habari ya mtoto wa umri usiozidi miaka mitatu aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita katika pango la Panga ya Saidi, kaunti ya Kilifi, wengi wamelijua pango hilo kwa kaburi lile peke yake. Sishangai, kwani kaburi la mtoto humgusa kila mzazi. Hata hivyo, maelfu ya vibanzi vya mawe, yaani vipande vyenye makali vilivyopasuliwa kwa kugonga jiwe, vilivyofukuliwa humo vinatueleza mengi zaidi kuhusu akili za watu waliolitumia pango hilo, na inanisikitisha kuona vikipitwa kama takataka.

Kwa kutengenezea zana, mawe ya chokaa walikuwa nayo mlangoni, maana pango lenyewe ni la mwamba huo. Walitumia pia mawe ya jamii ya gumegume, na kwatzi, lile jiwe jeupe linalong'aa. Gumegume humtii fundi, hupasuka alipokusudia na kuacha makali. Kwatzi ni kaidi, aghalabu husambaratika ovyo. Niliwahi kuigonga kokoto ya kwatzi nikiwa nimeishika mkononi, ikaniponyoka mara tatu. Nilipoilaza juu ya jiwe jingine, likawa fuawe, nikaipiga kwa juu kama walivyofanya mafundi wa kale, ilipasuka, na kibanzi kimoja kisichozidi ukucha wa kidole gumba kikakata kamba ya mkonge bila taabu.

Yapata miaka 67,000 iliyopita zana za pangoni zilianza kuwa ndogo, ingawa mbinu za awali hazikuachwa mara moja. Kwangu mimi udogo huo si dalili ya unyonge. Zana ndogo ni nyepesi kwa mwindaji, hufungika kwenye mpini, na hupatikana hata katika kokoto ambayo mwingine angeitupa.

Bahari iko kilomita 15 hivi kutoka hapo, lakini riziki yao ilitoka hasa msituni na mbugani. Kombe za baharini walizitoboa wakazifanya shanga. Kwa hiyo tunapoianza historia ya Pwani kwa majahazi na wafanyabiashara, tunawaacha nje watu walioijua ardhi hii jiwe kwa jiwe. Natamani makumbusho zetu za Pwani ziweke vibanzi hivyo mbele, na kando yake kokoto ya kwatzi na jiwe la fuawe, ili mwanafunzi apige mwenyewe.