Mkopo si Fidia

Machi 2019 Kimbunga Idai kiliingia nchi kavu karibu na Beira, Msumbiji, kikaifikia hadi Zimbabwe, na Malawi nayo ikafurika. Watu zaidi ya 1,000 walikufa katika nchi hizo tatu. Mwezi uliofuata Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaidhinishia Msumbiji dola milioni 118.2 za dharura. Ulikuwa mkopo. Haukuwa na riba, nakubali, lakini mkopo hulipwa, na walipaji ni walewale walioezuliwa mapaa.

Kila mjadala wa haki ya tabianchi unapoanza, mawazo yangu hurudi hapo. Watu wanabishania kiasi cha fedha. Mimi kinachonikera ni aina ya fedha.

Nani alichafua, hilo halina utata mkubwa. Marekani peke yake imetoa karibu robo ya kaboni dayoksidi yote iliyotokana na viwanda na mafuta tangu mapinduzi ya viwanda. Afrika nzima, asilimia 3 hivi. Na hewa hiyo haiishi upesi: sehemu yake hubaki angani kwa karne nyingi, kwa hiyo makaa yaliyochomwa Manchester enzi za babu wa babu zetu yangali na mkono katika joto la leo. Mwaka 1992, mjini Rio de Janeiro, mataifa tajiri yenyewe yalitia saini mkataba wa tabianchi unaosema wajibu ni wa wote ila haulingani. Hakuna aliyewashikia bunduki.

Kisha ukaja mkutano wa tabianchi wa Copenhagen, 2009, na ahadi ya mataifa tajiri kuzipa nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kila mwaka ifikapo 2020. Kwa hesabu za OECD, jumuiya ya mataifa tajiri yenyewe, kiwango hicho kilifikiwa 2022. Tuseme sawa, wamechelewa, wamefika. Lakini ukifungua hesabu hizo utakuta zaidi ya theluthi mbili ya fedha zilizotoka serikalini na kwenye benki za maendeleo ni mikopo, na mkopo unaandikwa kwa thamani yake yote, kana kwamba hakuna siku ya kurudishwa. Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema ni kumkopesha anayekudai.

Sipingi kila mkopo. Ukijenga mtambo wa umeme wa jua, umeme unauzwa na mtambo unajilipia. Hapo mkopo nafuu una mantiki. Lakini ukuta wa kuzuia bahari unamuuzia nani? Kituo cha kutoa tahadhari ya mafuriko kinaingiza shilingi ngapi? Faida ya vitu hivi ni nyumba ambayo haikubomoka na mtoto ambaye hakuzama, na hakuna benki inayopokea marejesho ya namna hiyo. Ndiyo maana wawekezaji binafsi, wanaosifiwa sana kwenye mikutano, hukimbilia mitambo ya umeme na kuuacha ukuta.

Pakistan iliona cha moto 2022. Mafuriko yaligusa watu milioni 33, hasara ikapita dola bilioni 30. Januari 2023 wafadhili walikutana Geneva wakaahidi zaidi ya bilioni 9, sehemu kubwa ikiwa mikopo. Nao mfuko wa hasara na uharibifu, wa kusaidia nchi zinazoumizwa na majanga ya tabianchi, uliokubaliwa kwenye mkutano wa Sharm el-Sheikh, ulipozinduliwa Dubai mwishoni mwa mwaka huohuo, uliahidiwa dola milioni 700 hivi. Kwa dunia nzima.

Kuna hoja moja ya matajiri ninayoiheshimu: China. Leo ndiyo inayotoa gesijoto nyingi kuliko nchi yoyote, na bado inakaa kwenye kundi la wasiolazimika kuchangia, pamoja na nchi za Ghuba zenye mafuta. Orodha ya wachangiaji iliyowekwa na mkataba ule wa 1992 imezeeka, ibadilishwe. (Na ndiyo, baadhi ya serikali zetu hula hata fedha za wenye mafuriko, hilo lina makala yake.) Ila kuwepo kwa mdaiwa mpya hakumfutii deni wa zamani.

Kwenye mkutano wa Baku, 2024, lengo lile la bilioni 100 likapandishwa hadi bilioni 300 kwa mwaka ifikapo 2035, kutoka "vyanzo mbalimbali". Ruzuku ni ngapi, mikopo ni mingapi? Maandishi hayasemi. Ningekuwa na kura pale, ningeomba sentensi moja tu: fedha za kuhimili mabadiliko ya tabianchi na za kufidia hasara zisihesabiwe iwapo ni mkopo. Julai 2025 Mahakama ya Kimataifa ya Haki, kwa ombi lililoongozwa na Vanuatu, taifa la visiwa katika Pasifiki, ilitoa maoni kwamba nchi inayokiuka wajibu wake kwa tabianchi inaweza kudaiwa fidia. Maoni hayo hayamfungi mtu, lakini angalau neno lenyewe limetamkwa.

Mikopo ya dharura ya aina ile ya Msumbiji hupewa miaka 5 na nusu kabla marejesho hayajaanza. Kwa mkopo wa Aprili 2019, hiyo ni Oktoba 2024. Desemba 2024 Kimbunga Chido kikaipiga Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji hiyohiyo.