Yule Mkushi Hakufungwa Kamba

Ijumaa usiku, saa tano na nusu, watu wazima tushalala, mtoto wa kaka yangu katupia picha kwenye grupu la ukoo. Picha yenyewe naijua vizuri. Watu watatu wenye nywele za kipilipili wamechongwa kwenye jiwe la kijivu: wa mbele kashikwa mkono, wa kati kabeba chombo chenye kifuniko, wa nyuma ana pembe ya ndovu begani na anamvuta mnyama mwenye shingo ndefu kiasi. Chini yake kaandika: “Wazee wetu wakipelekwa utumwani kwa mfalme wa Uajemi, miaka 2,500 iliyopita. Inauma.”

Asubuhi naamka, emoji za kulia zimejaa tele. Shangazi mmoja kaweka dua. Kisha mjomba wetu, yule ambaye kila ikifika Mwaka Kogwa hutukumbusha kuwa sisi ni Washirazi na tusijisahau, kaandika kwa kifupi: “Hayo hayatuhusu. Sisi tulikuwa upande wa mfalme.”

Chai ikanipalia.

Kule kwenye grupu ukizidisha mistari mitatu unaambiwa unajifanya mwalimu. Basi naandika hapa, atakayesoma asome.

Nianze na mjomba kwa sababu kesi yake ni nyepesi. Ni kweli, Persepolis, mji wa wafalme wa Uajemi ilikotoka picha hiyo, iko kilomita 60 hivi kutoka mji wa Shiraz, na wenyeji wanapaita Takht-e Jamshid, kiti cha enzi cha Jamshid. Lakini majumba yale yaliungua mwaka 330 KK mikononi mwa Aleksanda. Kati ya moto ule na hao watoto wa sultani tunaosimuliwa kuwa walitia nanga Kilwa imepita zaidi ya miaka elfu moja. Mtu kuja leo kudai alikuwa upande wa mfalme ni kama kudai fungu kwenye mirathi ya jirani kwa kuwa uliwahi kuazima kinu chake. Tulichopata kutoka Uajemi tunakijua: bandari, dirisha, pamba, na Nairuzi yetu. Kiti cha enzi hatukupewa, mjomba. Samahani.

Sasa wewe kijana wangu.

Hao uliowatuma ni Wakushi, watu wa nchi ya Kushi kusini mwa Misri, kundi la mwisho kati ya makundi 23 yaliyochongwa kwenye ngazi za Apadana, ukumbi wa mapokezi wa Persepolis ulioanzishwa na mfalme Dario wa Kwanza na kumaliziwa na mwanawe Xerxes. Ukumbi ulikuwa na nguzo 72, pamoja na za barazani, kila moja ikifika mita 20 hivi. Zilizobaki wima ni 13. Ngazi za mashariki zilipona kwa bahati: zilizikwa na kifusi, na kifusi kikazitunza zaidi ya miaka 2,000 mpaka mwanaakiolojia Mjerumani Ernst Herzfeld alipozifukua miaka ya 1930. Ndiyo maana leo unaweza kuhesabu hadi mikunjo ya nguo.

Basi hesabu na vidole. Rudi kwenye picha yako, ikuze, umtazame yule Mkushi wa mbele. Nani kamshika? Mpokezi wa mfalme. Mkono mmoja wa mpokezi una fimbo ndefu, ile fimbo ya cheo, kama bakora ya mzee wa mtaa anapoongoza watu wa posa. Mkono wa pili umeushika mkono wa mgeni. Si kwenye kifundo, si kwa kamba. Kiganja kwa kiganja, anamwongoza mbele kama unavyomwongoza mgeni asiyeijua nyumba: karibu, pita huku, angalia kizingiti.

Na si Mkushi peke yake. Makundi yote 23 yameongozwa hivyohivyo. Waelamu wameleta simba jike na watoto wake. Wababeli wana ng’ombe mwenye nundu, Waarabu ngamia wa nundu moja, Wabaktria ngamia wa nundu mbili, Wahindi vikapu na punda. Wasaka wenye kofia zilizochongoka wamepanda na silaha zao kiunoni. Wewe umewahi kuona mateka akipelekwa kwa mfalme na jambia lake? Kati ya kundi na kundi umechongwa msanobari, na mbele ya kila msanobari kuna mtu anamshika mwenzake mkono. Fundi angeweza kuchoka akaruka hata mmoja. Hakuruka.

Utaniambia huenda mafundi wa zama zile hawakujua kuchora mateka. Walijua sana! Huyohuyo Dario, miaka michache tu kabla, alichongesha picha kwenye jabali la Bisitun. Pale yumo mwenyewe, mguu wake umekanyaga kifua cha Gaumata, mpinzani wake wa kiti cha enzi, aliyelala chali, na mbele yake wamepangwa maadui tisa, mikono nyuma, kamba moja imewaunga shingoni. Ukitaka utumwa na unyonge wa kuchongwa, nenda Bisitun, umejaa tele. Na kabla ya Waajemi kulikuwa na Waashuri. Mwaka ule nilipokwenda London kumwona dada yangu, tuliingia British Museum kukwepa mvua tu, tukajikuta mbele ya kuta za mfalme wao Senakeribu zinazoonyesha kutekwa kwa mji wa Lakishi: watu wamechomekwa kwenye miti, wengine wanachunwa ngozi, akina mama wanatoka mjini na mizigo na watoto. Dada yangu alitoka nje akakaa kwenye benchi. Hizo ndizo picha ambazo mgeni wa mfalme wa Ninawi alipambiwa ukumbini kabla ya kuonana na mwenye nyumba.

Kwa hiyo Dario alikuwa na mfano wa jirani mbele yake na mkono wa mafundi waliokwishafanya kazi ya namna hiyo. Akaagiza kitu kingine. Upande wa pili wa ngazi zilezile wamechongwa wakuu wa Kiajemi na wa Kimedi wakisubiri kuingia, na wanapiga soga! Mmoja kageuka nyuma kuzungumza, mwingine kaweka mkono begani mwa mwenzake, mwingine kashika ua la yungiyungi kama hajui alipeleke wapi. Ni baraza la harusi kabla chakula hakijatoka. Hata ngazi zenyewe ni za chini mno, kimo cha sentimita 10 hivi. Mzee wa magoti mabovu angepanda huku anasimulia. Jengo zima linamwambia anayekuja: ulitarajiwa.

Hilo ndilo linaloniudhi katika ile “inauma” yako. Jicho letu limezoea. Tukimwona mtu mweusi kwenye jiwe la kale, kabla hatujatazama kitu kingine tunamtafutia mnyororo. Tusipouona tunamvisha sisi wenyewe. Makundi 23 yamepanda ngazi zile, yote yanashikwa mkono kwa namna moja, lakini hakuna aliyetuma Mlidia akaandika “inauma”, wala Mwarmenia. Aliyefungwa kamba ni wetu peke yake, na aliyemfunga ni kijana wetu, saa tano na nusu usiku, kwa kidole gumba.

(Kuhusu yule mnyama. Wengine husema twiga, wengine okapi. Mimi naona shingo ni fupi kwa twiga, lakini ndugu zetu wa Ituri, wenye okapi wao msituni, wangecheka wakiona alivyotoka. Nahisi fundi alisimuliwa tu, akajitahidi.)

Haya, najua mnachosubiri, na nitakisema bila furaha. Mawe yale ni maneno ya mfalme. Chini ya misingi ya Apadana lilizikwa tangazo lake kwenye mabamba ya dhahabu na fedha, kwa lugha tatu, likisema ufalme wake unaanzia kwa Wasaka walio ng’ambo ya Sogdiana hadi Kushi, na kutoka Sindi hadi Sardi. Huyo si mtu wa unyenyekevu. Kwenye kaburi lake pale Naqsh-e Rostam watu wa mataifa yake 30, Mkushi akiwamo, wameinua jukwaa lake kwa mikono, na maandishi yanamwambia mtazamaji: ukitaka kujua Dario alitawala nchi ngapi, watazame wanaobeba kiti. Mgeni wa ngazini ndiye mbebaji wa kaburini. Na katika orodha ya vitu vilivyojenga jumba lake la Susa, pembe za ndovu anasema zilitoka Kushi, India na Arakosia. Ile pembe iliyo begani mwa mtu wetu ilikuwa na kazi ikiisubiri.

Wajenzi je? Hapo napo hadithi za mijeledi zina kasoro zake. Herzfeld alifukua pia maelfu ya vibao vya udongo, vimeandikwa Kielamu, na ni daftari za posho: shayiri kiasi hiki kwa fulani, divai kiasi hiki kwa kundi la fulani. Wanawake wamo, wapo hata waliosimamia makundi ya kazi, na mama mzazi alipewa posho ya ziada, ingawa aliyezaa mvulana alipata mara mbili ya aliyezaa msichana. Lakini wengi wa wafanyakazi hao waliletwa kutoka nchi za mbali, na sidhani kama waliulizwa. Mtu anaweza kulipwa shayiri kila mwezi na bado asiwe na ruhusa ya kurudi kwao. Hilo nalikubali.

Na wanawake kwenye mawe ya ngazi zile? Mmoja. Ni yule simba wa Waelamu.

Kama tunataka kitu cha kuumia, kipo kikubwa zaidi, na hiki mjomba na kijana wote wawili kitawahusu. Xerxes alijenga Lango la Mataifa Yote, lenye mafahali wakubwa wa mawe, ambalo kila mgeni alipita kabla ya kufika kwenye ngazi zetu. Leo mafahali wale wamechorwachorwa majina ya wasafiri wa Ulaya kama ukuta wa stendi. Limo jina moja limechimbwa kwa herufi kubwa, nadhifu kabisa: Stanley, New York Herald, 1870. Ndiyo, Stanley huyohuyo. Mwaka uliofuata alishuka Unguja, akakodi wapagazi, akaenda Ujiji kumtafuta Livingstone. Baadaye akarudi kumfungulia Leopold, mfalme wa Ubelgiji, njia za Kongo, na Wakongo wakambandika jina la Bula Matari, mvunja mawe. Walimwita hivyo kwa kupasua miamba ya barabara. Mimi husema alianza mazoezi Persepolis.

Lile lango lilijengwa ili watu wa kila taifa wapite. Mkushi alipita na pembe yake, na sijasikia kuwa aliacha jina. Huyu kapita na patasi.

Wenzake waliofuata hawakuridhika na kuandika, walikata. Kichwa cha askari mmoja kilichobanduliwa Persepolis miaka ya 1930 kikaishia kwenye makumbusho ya Montreal, kikaibwa humo mwaka 2011, kikapatikana, kikauzwa, mwaka 2017 kikakamatwa kwenye maonyesho ya wauza sanaa New York, na mwaka 2018 hakimu akaamuru kirudishwe Iran. Mfanyabiashara alikuwa anakitakia zaidi ya dola milioni moja. Kichwa tu. Cha mlinzi.

Yote haya nilimwandikia kijana pembeni, si kwenye grupu, maana sikutaka kumfedhehesha. Nilimwambia futa yale maneno, andika “Wajumbe wa Kushi wakipokelewa Apadana”. Nikajiona nimemaliza.

Huyu mtoto anasoma kuliko nilivyodhani. Jioni akanijibu: “Ami, nimemtafuta Herodoto.” Nikajua nimepatikana. Herodoto, mwanahistoria wa Kigiriki wa kale, anaandika kuwa Wahabeshi wanaopakana na Misri, yaani hao Wakushi wetu, hawakutozwa kodi, walileta zawadi tu, mwaka mmoja ndiyo, mwaka mmoja hapana. Anazitaja: vibaba viwili vya dhahabu ghafi, magogo 200 ya mpingo, pembe kubwa 20 za ndovu. Na wavulana watano.

Mstari huo niliwahi kuusoma, na nilikuwa naukwepa. Naweza kusema Herodoto ana maneno mengi, na ni kweli anayo. Naweza kusema Mgiriki hakuwapenda Waajemi. Lakini pembe ipo kwenye jiwe, palepale aliposema, na chombo chenye kifuniko kipo, kinachotosha dhahabu ya vibaba viwili. Nimeikuza ile picha hadi ikawa chengachenga. Mkono umeshikwa kiganja kwa kiganja, sibadilishi neno hata moja. Nyuma ya yule mnyama hakuna mtu.

Kijana akamalizia: “Sasa ami, wale watoto watano wamechongwa wapi?”

Meseji hiyo ilifika tangu juzi. Alama mbili za buluu zimeshawaka, anajua nimesoma.