Ajali haina kinga, ila trafiki akiwepo

Bodaboda aliyenibeba juzi alikuwa ametundika helmeti yake kwenye kiwiko. Nilipomwuliza mbona haivai, akanijibu bila kugeuka: "Siku ikifika imefika, braza." Mbele kidogo akawaona trafiki kwa mbali. Helmeti ikapanda kichwani, hata mkanda hakuufunga. Tulipowapita, ikarudi kwenye kiwiko. Mbele ya lori ni mtu wa kadari, mbele ya faini ni mtu wa hiari.

Simlaumu sana, maana neno lenyewe linatuchanganya. Tunasema "ajali haina kinga". Ajali tumeitoa kwenye Kiarabu, na huko ni muda uliowekwa, siku ya mtu kufa. Kiswahili kikaihifadhi maana hiyo, kisha kikaongeza ya gari kupinduka na meli kuzama. Kwa maana ya kwanza methali haina ubishi. Kwa ya pili ni uongo: ajali ya barabarani ina kinga, na nyingine inauzwa dukani.

Tarehe 20 Septemba 2018, siku ya gulio, kivuko cha MV Nyerere kilitoka Bugolora, Ukerewe, kikapinduka Ziwa Victoria kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, kisiwani Ukara. Uwezo wake ulikuwa abiria 101. Waliokufa ni 228, walionusurika 41. Jumlisha mwenyewe.

Hata hivyo wa kadari ana la kusema. Siku mbili baadaye fundi wa kivuko hicho alitolewa akiwa hai ndani ya chombo kilichokwisha kupinduka. Waliokuwa hatua chache kutoka kwake hawakuwa wazembe kuliko yeye. Na msibani, mama akiambiwa "kazi ya Mungu haina makosa", anapata pa kushika. Atakayemletea hesabu ya abiria 101 saa hiyo ana hoja sahihi na adabu mbovu.

Wa hiari naye huteleza anaposema abiria wangekataa kupanda. Wakatae waende wapi? Mtu katoka gulioni na mzigo, watoto wanamsubiri ng'ambo, na asipopanda ni kulala huko au kujaribu mtumbwi. Hiari yake ni nyembamba kama tiketi aliyoishika. Hiari nene ilikuwa kwa walioacha watu na mizigo viendelee kuingia. Ndiyo maana mjadala huu naona huanza vibaya: unamweka mtu peke yake mbele ya Mungu, kama vile katikati hapana watu wengine. Mengi tunayoyaita majaliwa yetu ni uamuzi wa fulani ambaye hatukupata hata kumwona.

Khalifa Umar alikutana na swali hili njiani akienda Sham, yaani Syria na jirani zake. Aliposikia huko kuna tauni, akaamua kurudi na msafara wake. Abu Ubaida, jemadari wake huko, akamwuliza: unaikimbia kadari ya Mwenyezi Mungu? Umar akajibu ndiyo, tunaikimbia kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Akampigia mfano wa mwenye ngamia bondeni, upande mmoja majani, upande wa pili ukavu: popote atakapowalisha, ni kwa kadari. Jibu hilo husimuliwa sana. Lisilosimuliwa sana ni kwamba Abu Ubaida alibaki, na tauni ikamwua. Umar alimwita aondoke, yeye akakataa kuwaacha askari wake. Wa kadari kumbe naye alichagua, tena akijua bei yake.

Bodaboda wangu alinishusha salama, nikamlipa. Kwa haki niseme na la kwangu: mimi nilipanda kichwa wazi. Helmeti ya abiria hakuwa nayo, nami sikuiulizia, nilikuwa nimechelewa.